Jembe la Siku ya Tatu

Wahenga wa mwambao hawakumnyima mgeni heshima, lakini walimwekea mpaka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayesafiri leo kwenda Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, amepatiwa njia ya kuukwepa usemi huo. Hufika Ijumaa jioni, huondoka Jumapili usiku, na jembe halimkuti. Wauza safari wameipima ziara hiyo kwa ustadi: ndege na kitanda katika bei moja, na orodha ya vituo isiyobadilika, kana kwamba imeteremshwa kutoka mbinguni. Kiwanda cha bia, mtaa wa baa, kitabu cha kale ndani ya kioo, sanamu ya kupigia picha, duka la fulana. Mwisho wa orodha mgeni huambiwa kwamba ameuona mji wa washairi.

Hakuuona, na walio karibu naye wasimpongeze. Mpango wa siku tatu kama unavyouzwa sasa humfanya mpenda ushairi ashiriki, kwa fedha yake na kwa furaha, katika kuugeuza ushairi wa watu wengine kuwa kibandiko cha chupa. Dawa yake si kukaa nyumbani. Dawa ni kuipanga safari upya na kulishika jembe kabla ya kupanda ndege.

Jambo hili haliko mbali na watu wa pwani kama wengine watakavyodhani. Waswahili waliotawanyika Uingereza ni wengi, na kutoka London hadi Dublin ni safari ya ndege isiyotimia saa moja na nusu. Anayetoka Unguja, Lamu au Mombasa ana kazi zaidi. Mwenye pasi ya Tanzania au ya Kenya huhitaji viza ya Ayalandi yenyewe, kwani nchi hiyo haimo katika mkataba wa Schengen, na viza ya Ufaransa au ya Ujerumani haimfikishi. Barua ya benki, barua ya mwajiri, ada, kisha subira: aliyepenya tundu hilo la sindano anastahili kupewa kitu kizito kuliko picha yake akiwa ameshika bilauri.

Na tuhuma ianze na kinubi, kwa kuwa kinubi ndicho shahidi mkubwa. Katika Ayalandi ya kale mpiga kinubi na mshairi walikaa baraza moja. Mshairi wa Kigaeli hakuzaliwa akaimba tu. Alifunzwa kwa miaka mingi katika vyuo vya ushairi, na wasimulizi wa zamani wanaeleza kuwa wanafunzi walitunga wakiwa wamelala gizani, ili jicho lisiibe kazi ya sikio. Mishororo ya tungo zao ilihesabiwa silabi, saba saba katika bahari nyingi, na vina vilifungana mwishoni na ndani ya mshororo pia. Msomaji aliyelelewa na mizani na vina hahitaji kuelezwa zaidi. Watu hao ni jamaa zake, ijapokuwa hawakupata kuonana. Vita vya karne ya 17 viliwaangusha mabwana wa Kigaeli waliokuwa wakiwalisha washairi, na vyuo vikafa pamoja na mabwana.

Kinubi kikabaki alama ya taifa lisilo na dola. Kimoja cha kale, kinachokadiriwa kuwa cha karne ya 14 au 15, ni mali ya Chuo cha Trinity. Sura yake ndiyo iliyowekwa na kampuni ya Guinness juu ya kibandiko cha bia yake mwaka 1862, na mwaka 1876 ikasajiliwa kuwa nembo ya biashara. Waayalandi walipopata serikali yao mwaka 1922 na kutaka kinubi kiwe muhuri wa nchi, kinubi cha bia kilikuwa kimetangulia kuandikishwa. Dola ikakigeuza chake uso. Mgeni akitoa sarafu ya Ayalandi mfukoni na kuiweka kando ya chupa, atavikuta vinubi viwili vikitazama pande mbili. Taifa zima likakipindua kinubi cha washairi wake kwa kuwa muuza bia aliwahi!

Sasa orodha ya siku tatu inamwambia msafiri aanzie wapi? Kwa muuza bia. Huko atasimuliwa kwamba Arthur Guinness alikodi kiwanja cha kiwanda mwaka 1759 kwa miaka 9,000, kwa pauni 45 kwa mwaka, naye atacheka pamoja na wenzake. Hakuna mshairi wa Dublin aliyewahi kupewa mkataba wa namna hiyo. Brendan Behan, mwana wa mji huo aliyeandika kwa Kiingereza na kwa Kiayalandi, alikufa mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 41 tu, kisukari na ulevi vikiwa vimemmaliza. Leo jina lake ni mapambo ya baa, na ziko ziara za kulipia zinazowapitisha wageni baa hadi baa huku wakisomewa vipande vya waandishi. Sumu inauzwa kwa jina la marehemu iliyemuua, na biashara hiyo inaitwa urithi wa fasihi.

Atasema Mwislamu wa pwani: hayo hayanihusu, mimi sinywi. Asijitoe haraka. Wako wasiokunywa wanaokata tiketi ya kiwanda kwa sababu ukumbi wa juu una mandhari nzuri, wakanywa soda, wakapiga picha, wakashuka. Fedha yao imekwenda kulekule. Kutokunywa ni jambo la roho ya mtu, lakini kununua orodha ni jambo la akili yake, na la pili ndilo linaloshitakiwa hapa.

Mtaa wa Temple Bar, kituo cha pili katika orodha, una kisa chake. Katika miaka ya 1980 shirika la usafiri la taifa lilikuwa likinunua nyumba za mtaa huo ili zibomolewe na pajengwe kituo kikuu cha mabasi. Wakati wa kungoja, zikakodishwa kwa bei ndogo, na wachoraji, wanamuziki na wenye maduka madogo wakaingia. Hao ndio walioutia mtaa uhai hata mpango wa mabasi ukaachwa, na mwaka 1991 serikali ikaamua kuuendeleza kama mtaa wa utamaduni. Nyumba za sanaa bado zipo, pamoja na jumba la sinema na ukumbi wa maonyesho. Lakini anayekwenda usiku wa Jumamosi hazioni, maana mbele yake umesimama ukuta wa watu wanaoshangilia bia iliyopandishwa bei kwa ajili yao. Waliouokoa mtaa wamekuwa wageni ndani yake.

Hatua chache kutoka hapo imesimama sanamu ya Molly Malone, muuza samaki wa katika wimbo, iliyotengenezwa mwaka 1988. Kifua cha sanamu hiyo kinang'aa kuliko sehemu nyingine zote za shaba yake, kwa sababu wageni wamezoea kukishika huku wakipigwa picha, nao huambiwa kuwa kufanya hivyo kunaleta bahati. Mwezi Mei 2025 Halmashauri ya Mji ilifikia kuweka watu wa kusimama pale na kuwaomba wapita njia waache. Mji unaojivunia maneno umelazimika kuajiri midomo ya kusema neno moja tu, adabu.

Sasa tazama namna walivyotendewa wenye maneno yenyewe. James Joyce aliondoka Dublin mwaka 1904, mara ya mwisho kurudi ilikuwa 1912, na alipokufa Zurich mwaka 1941 serikali ya nchi yake haikujishughulisha kumrudisha. Riwaya yake kubwa, Ulysses, inayotembea mitaa ya Dublin kwa siku moja ya tarehe 16 Juni 1904, ilitolewa Paris mwaka 1922. Oscar Wilde alifia Paris, Samuel Beckett vilevile. Sheria ya udhibiti wa vitabu ya mwaka 1929 ilipiga marufuku kazi za Waayalandi wenyewe, mojawapo ikiwa The Country Girls ya Edna O'Brien mwaka 1960. Kisha wakati ukageuka. Mwaka 2010 UNESCO iliipa Dublin cheo cha Mji wa Fasihi, na waliofukuzwa wakarudishwa wakiwa vikombe vya chai, mifuko ya nguo na sumaku za jokofu.

Nyumba nambari 7 ya Mtaa wa Eccles, ambamo Joyce alimkalisha mhusika wake mkuu, ilibomolewa. Mlango wake uliokolewa, ukawekwa ndani ya baa, na baadaye ukahamishiwa katika Kituo cha James Joyce. Mgeni anaweza kusimama mbele ya mlango huo, mlango usiofungulia nyumba yoyote. Waswahili walikwisha kusema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Dublin inauza mlango, na nyumba haipo.

Asidhani mtu kuwa hayo ni makosa ya zamani yaliyotubiwa. Nyumba nambari 15 ya Usher's Island, kando ya mto Liffey, ndiyo ya ndugu za bibi yake Joyce na ndiyo nyumba ya karamu katika hadithi yake ya mwisho ndani ya Dubliners. Mwaka 2017 iliuzwa, na mwaka 2019 ukajulikana mpango wa kuigeuza hosteli ya wasafiri. Waandishi wengi walitia saini kuupinga, Colm Tóibín akiwa mmoja wao. Zingatia hosteli ile ilikuwa ya nani: ya huyo huyo mgeni wa siku tatu. Mji haubomoi nyumba za washairi wake kwa chuki. Huzibomoa ili apatikane mahali pa kumlaza mtu aliyekuja kuzitazama.

Na si washairi tu wanaohamishwa. Kila chumba kinachokodishwa kwa usiku mmoja mmoja ni chumba kilichoondolewa kwa mkazi wa mwaka mzima. Serikali ilitunga kanuni mwaka 2019 ili kuzuia ukodishaji huo kumeza nyumba za kuishi katika maeneo yenye uhaba, lakini mwaka 2025 idadi ya watu waliokuwa katika makazi ya dharura nchini Ayalandi ilipita 15,000, na wengi wao walikuwa Dublin. Sababu za uhaba huo ni nyingi, na mgeni si yeye aliyeuanzisha. Hata hivyo, anapochagua kati ya chumba cha hoteli na ghorofa ya mtaani, anachagua pia nani ataondoka.

Zipo hoja za upande wa pili, na haki ni kuzisikia. Ya kwanza husema kwamba msafiri si mwanafunzi. Amefanya kazi mwaka mzima na anataka kupumzika. Kweli, na aliyetaka kupumzika ana fukwe duniani kote. Lakini Dublin haikutangazwa kwake kuwa ufuko. Ilitangazwa kuwa mji wa Swift, Yeats na Joyce, na aliyeitiwa asali ana haki ya kukataa kulambishwa kibandiko cha chupa. Hoja ya pili husema kwamba fedha ya mgeni ni riziki ya mwenyeji. Hiyo pia ni kweli, ila fedha haina mguu wa kwenda peke yake baa. Huweza kuachwa katika duka la vitabu, katika ukumbi wa Abbey uliofunguliwa na Yeats na wenzake mwaka 1904, au katika makumbusho ya mtaa. Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: siku tatu ni chache, mtu atafanyaje? Atafanya machache, na atayafanya vizuri. Anayejua kusoma ubeti mmoja mpaka ukamfungukia hatishwi na uchache.

Basi siku ya kwanza iwe ya jina. Mji huo una majina mawili ya Kiayalandi. Lile rasmi ni Baile Átha Cliath, yaani mji wa kivuko cha fito zilizosukwa. La pili ni Dubh Linn, bwawa jeusi, ambalo ndilo lililogeuka kuwa Dublin. Bwawa lenyewe lilikuwa mahali mto mdogo wa Poddle ulipokutana na Liffey, na Waviking walitia nanga hapo katika karne ya 9. Leo Poddle unapita chini ya ardhi na bwawa limekuwa bustani ya duara nyuma ya Kasri la Dublin. Mgeni akae juu ya majani hayo kabla ya kwenda popote, ajue kwamba amekaa juu ya neno.

Akiinuka, ataikuta kando yake maktaba ya Chester Beatty, ambayo orodha nyingi huiweka chini kabisa, na kuingia ni bure. Alfred Chester Beatty, Mmarekani tajiri wa migodi, alihamia Dublin mwaka 1950 na kuliachia taifa hilo hazina yake ya miswada. Ndani ya hazina hiyo mna Msahafu ulioandikwa Baghdad mwaka 391 wa Hijra, yaani 1000 au 1001 wa Miladia, kwa mkono wa Ibn al-Bawwab, bingwa wa hati ambaye majina machache yanaweza kusimama kando ya lake. Mtu wa pwani aliyefunzwa kuandika alifu chuoni atalia au atanyamaza. Lakini asisahau kuuliza fedha ilitoka wapi. Sehemu ya utajiri wa Beatty ilichimbwa katika shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Msahafu wa Baghdad uko Dublin kwa jasho la Mwafrika pia, na mgeni anayetoka Afrika haingii humo kama mtazamaji asiye na hisa.

Siku ya pili iwe ya wafu. Ianzie katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, ambako Jonathan Swift alikuwa mkuu kuanzia 1713 hadi alipokufa 1745, na ambako amezikwa kando ya Esther Johnson, mwanamke aliyemwita Stella. Mwaka 1729 Swift aliandika kijitabu akipendekeza, kwa sauti ya upole ya mtaalamu wa uchumi, kwamba watoto wa maskini wa Ayalandi wauzwe waliwe na matajiri. Alikuwa akiwachoma waliokuwa wakila nchi kwa heshima zote. Kisha akaacha mali yake ijenge hospitali ya wagonjwa wa akili. Jirani na kanisa ipo Maktaba ya Marsh, iliyofunguliwa mwaka 1707, ambamo wasomaji wa vitabu adimu walifungiwa ndani ya vizimba vya waya wasije wakaondoka navyo.

Kutoka hapo aende Kilmainham, gereza lililofungwa mwaka 1924, na tiketi ainunue mapema kwa kuwa huisha. Mwaka 1916, baada ya mapambano ya Pasaka, walipigwa risasi humo viongozi 14. Kati ya watu saba waliotia saini Tangazo la Jamhuri, watatu walikuwa washairi: Patrick Pearse, Thomas MacDonagh na Joseph Plunkett. Plunkett alifunga ndoa na Grace Gifford ndani ya gereza saa chache kabla ya kuuawa. Ikiwa mtu anataka kujua ushairi umegharimu nini katika mji huo, jibu liko ndani ya ua ule wa mawe.

Wa mwisho kuuawa mwaka huo alinyongwa London tarehe 3 Agosti, na huyo Mwafrika anamdai dua. Roger Casement, aliyezaliwa Sandycove, kitongoji cha pwani cha Dublin, alikuwa balozi mdogo wa Uingereza katika Lourenço Marques, ambayo ni Maputo ya leo, kisha Kongo. Ripoti yake iliyotolewa mwaka 1904 ndiyo iliyoianika mbele ya dunia mikono iliyokatwa kwa ajili ya mpira wa Mfalme Leopold. Aliyatazama maovu ya Kongo mpaka akaiona nchi yake mwenyewe ndani yake. Mifupa yake ilirudishwa mwaka 1965 na kuzikwa Glasnevin. Ni orodha ngapi za siku tatu zinazompeleka mgeni kwenye kaburi hilo?

Jioni, kabla ya chakula, aingie nambari 14 ya Mtaa wa Henrietta. Nyumba hiyo ilijengwa kwa ajili ya watu wa daraja la juu katika karne ya 18, ikaja kugawanywa vyumba vya maskini, na kufikia mwaka 1911 walikaa ndani yake watu wapatao 100. Tangu 2018 ni makumbusho. Hapo hapana mlango bila nyumba. Mna ngazi, moshi, na majina ya watoto.

Sasa siku ya tatu, na jembe. Jembe la Dublin ni lugha. Kiayalandi ni lugha rasmi ya kwanza kwa katiba ya mwaka 1937, na kila kibao cha mtaa kimeandikwa kwacho. Lakini katika sensa ya mwaka 2022, watu waliosema wanakijua walikuwa asilimia 40, na waliokizungumza kila siku nje ya shule walikuwa 71,968 tu. Njaa kubwa ya 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja na kuwahamisha wengine milioni, wengi wakiwa wasemaji wa lugha hiyo. Shule nazo zilitimiza lililobaki: mtoto alifungwa kijiti shingoni, kikakatwa alama kwa kila neno la Kiayalandi alilotamka, na jioni akachapwa kwa hesabu ya alama. Msomaji wa Kenya asishangae sana. Shule za nchi yake nazo zimewahi kumvisha mtoto kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama yake.

Mshairi Nuala Ní Dhomhnaill, aliyelelewa Kerry na kuchagua kutunga kwa Kiayalandi, ana shairi fupi ambamo tumaini lake linawekwa ndani ya lugha kama mtoto anavyowekwa ndani ya kikapu, kikapu kikaachiwa mto, bila kujulikana kitafika wapi wala mikononi mwa binti wa Firauni gani. Kisa cha mama yake Musa kila mtoto wa chuoni anakijua. Hilo ndilo shairi la kusoma katika ndege, kwa tafsiri yoyote itakayopatikana, na kulirudia siku ya tatu kando ya Mfereji Mkuu, kwenye benchi ambapo imekaa sanamu ya Patrick Kavanagh. Kavanagh alikuwa mkulima wa Monaghan, naye jembe halikuwa mfano kwake. Mwaka 1955, baada ya kuondolewa pafu, alijiuguza kwenye ukingo wa mfereji huo, na maji yale ya kawaida yakampa tungo za pili za maisha yake. Hakuomba mnara, aliomba kiti cha mpita njia.

Kisha apite Trinity, na Kitabu cha Kells akitazame kama anataka, kwani ni cha ajabu kweli. Ila ajue pia jina la maktaba iliyo hatua chache kando. Iliitwa Berkeley, kwa heshima ya mwanafalsafa aliyenunua watumwa kwa shamba lake la Rhode Island. Mwaka 2023 chuo kililiondoa jina hilo, na baadaye maktaba ikapewa jina la Eavan Boland, mshairi mwanamke wa Dublin aliyefariki 2020. Mwenye kutoka kisiwa ambacho soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873 ana sababu ya kusimama mbele ya jengo hilo kitambo kidogo. Jina la mtumikishaji limetoka, la mshairi limeingia. Jambo hilo halikuletwa na orodha. Lilidaiwa na watu waliosoma.

Inabaki neno kwa wenyeji wa visiwa hivi. Mji Mkongwe uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, na wageni wake nao huja kwa siku tatu, hupiga picha milango ya nakshi, huenda zao bila kujua nani alikuwa nyuma ya mlango. Wenyeji hunung'unika, na wana haki. Lakini anayenung'unika Shangani kisha akafanya yaleyale Temple Bar hana wa kumlalamikia. Wahenga walisema pia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni aliyetajwa hapo ni yule aliyeleta kitu.

Kitu chenyewe si kikubwa. Waayalandi husalimiana Dia duit, maana yake Mungu awe nawe, na jibu lake ni Dia is Muire duit, Mungu na Mariamu wawe nawe. Mswahili aliyezoea kuanza kwa salamu ya amani anaweza kujifunza maneno hayo kwa dakika tano, na kumwambia muuza magazeti au dereva wa basi asubuhi ya siku ya tatu. Huenda asijibiwe. Huenda mwenyeji akaona haya, kwa sababu Kiayalandi chake kiliishia darasani na yeye mwenyewe hakutegemea kukisikia kinywani mwa mtu mweusi. Asubiri kidogo. Ardhi ngumu hailimwi kwa pigo moja.